Jino likitoka uwanjani: mambo ya kujua kuhusu kinga ya meno kwa vijana wa vyuo

Mama mmoja alitutumia ujumbe wa sauti baada ya kipindi chetu cha afya. Kijana wake yuko mwaka wa pili chuoni na anacheza raga. Jumamosi moja, alipokuwa akimkaba mpinzani, alipigwa kiwiko mdomoni. Jino moja la mbele likatoka zima na mzizi wake, na la pili likavunjika nusu. Kijana aliliokota lile lililotoka, akalifunga kwa karatasi ya shashi, akalitia mfukoni, akarudi uwanjani kumalizia mechi na pamba mdomoni. Hospitali alifika Jumatatu. "Watangazaji wangu," mama akasema, "daktari ameniambia lile jino lingeweza kurudi mahali pake. Sasa mbona hakuna mtu aliyetuambia mapema?"

Tumelibeba swali hilo kwa siku kadhaa. Wengi wenu mna watoto vyuoni, mnawatumia pesa ya chakula na karo, na mkisikia amechaguliwa kwenye timu ya chuo mnafurahi. Mnamnunulia viatu na jezi. Nani kati yetu amewahi kumuuliza mtoto wake kama ana kitu cha kuvaa mdomoni?

Tutafika kwenye kinga. Kwanza tuzungumzie jino lililotoka, maana hilo halingoji.

Jino si jiwe

Wengi tunadhani jino limepandwa tayani kama kigingi kwenye ardhi. Kumbe mzizi wake haujagandana na mfupa. Umeshikwa na nyuzi nyembamba sana, zilizo hai, zinazouunganisha mzizi na shimo lake pande zote. Jino linapong'oka kwa kishindo, nyuzi hizo hukatika. Nusu hubaki kwenye taya na nusu hubaki zimeng'ang'ania mzizi. Hizo za kwenye mzizi bado zina uhai, na jino likirudishwa mapema, zinaweza kuungana tena na wenzake.

Kinachoziua ni ukavu. Dakika za kwanza ndizo za dhahabu. Jino likikaa kavu kwa nusu saa, nafasi imepungua sana, na likifika saa nzima, hesabu kwamba nyuzi karibu zote zimekufa. Sasa unaona karatasi ya shashi ilifanya nini. Ilinyonya hata ule unyevu kidogo uliokuwepo, na mfuko wa kaptura ukamalizia.

Kwa hiyo jino likitoka uwanjani, iwe ni raga, hoki au mpira wa vikapu, mtu mmoja alitafute mara moja huku mwingine akimkalisha majeruhi. Lishike kwa ile sehemu nyeupe inayoonekana mtu akicheka. Usiguse mzizi, usiusugue, usiukwangue kwa kucha kutoa udongo. Kama limechafuka, lisuuze kwa maziwa, au kwa maji baridi safi, kwa sekunde chache tu, usizidi kumi. Usitumie sabuni wala spiriti. Kisha, na hapa ndipo watu wengi huogopa, lirudishe kwenye shimo lake. Hakikisha upande wa mbele uko mbele, lilinganishe na jirani yake, sukuma taratibu kwa kidole hadi likae. Mwambie aume kitambaa safi ili lishikwe, na safari ya kwa daktari wa meno ianze papo hapo. Akiwa na ujasiri anaweza kujirudishia mwenyewe. Linauma, lakini haliumi kama watu wanavyodhani, maana sehemu hiyo bado imekufa ganzi kwa pigo.

Wako wasioweza, na hatuwalaumu. Mkono unatetemeka, damu inatoka, kocha anapiga kelele. Basi litie jino kwenye maziwa. Maziwa ya ng'ombe yaliyo baridi, yawe ya pakiti au yaliyochemshwa nyumbani na kupoa, yanazifaa zile nyuzi na yanaweza kuzihifadhi kwa saa kadhaa. Mala hayafai, wala mtindi, kwa sababu yana asidi. Maziwa ya chai usiyaguse. Kioski kilicho karibu na uwanja kinaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya jino na pengo.

Kama maziwa hayapo, majeruhi ateme mate kwenye kikombe na jino lilowe humo. Kuliweka ndani ya shavu kunawezekana kwa mtu mzima aliye timamu kabisa, lakini mtu aliyetikiswa kichwa anaweza kulimeza, kwa hiyo sisi tungependa kikombe. Miongozo ya kimataifa ya huduma ya kwanza pia inataja mchanganyiko wa chumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini, yaani ORS, ile pakiti anayopewa mtoto anayeharisha. Wasikilizaji wa Pwani huuliza kuhusu madafu. Watafiti wameyajaribu na majibu yao hayalingani, hasa kwa sababu madafu yana uchachu kidogo, kwa hiyo ukiwa na dafu na maziwa mbele yako, chagua maziwa. Maji ya kawaida ni ya mwisho kabisa. Si mazuri kwa nyuzi hizo, ila ni heri kuliko kuliacha jino likauke.

Mambo matatu ya kuangalia kabla ya hayo yote. Mtu aliyezimia, aliyechanganyikiwa au anayetapika baada ya pigo, shughulikia kichwa kwanza, na usimrudishie jino mdomoni. Jino lisipoonekana popote na mchezaji anakohoa au anapumua kwa shida, huenda amelivuta kwenye mapafu, na hiyo ni dharura ya hospitali. La tatu linawahusu wadogo zao walio nyumbani: jino la utotoni halirudishwi, kwa kuwa linaweza kuharibu jino la kudumu linaloota chini yake.

Daktari wa meno atalifunga jino kwa waya mwembamba likiwa limeshikizwa kwa majirani zake, kwa kawaida kwa takribani wiki mbili. Atauliza kuhusu chanjo ya pepopunda, hasa kama jino lilianguka kwenye udongo. Jino la mtu mzima lililotoka kabisa huhitaji pia kusafishwa mzizi ndani, na kazi hiyo huanzwa ndani ya wiki mbili hizo. Usiende kwa daktari mara moja ukadhani imekwisha.

Na hata ukichelewa, nenda na lile jino. Mara nyingine madaktari hulirudisha jino lililokauka wakijua halitadumu milele, kwa sababu kwa kijana ambaye taya lake bado linakua, kuushikilia mfupa na nafasi kwa miaka michache ni faida. Kipande cha jino lililovunjika nacho kiokote ukitie kwenye maziwa. Mara nyingi kinaweza kugundishwa tena, na kikigundishwa vizuri huwezi kujua kilivunjika.

Kitu chenyewe cha kuvaa

Kinga ya meno ni kipande cha plastiki laini, chenye umbo la herufi U, kinachovaliwa juu ya meno ya juu. Ya juu ndiyo hutokeza mbele, na ndiyo hupokea kiwiko, goti au fimbo ya hoki kwanza. Plastiki ile husambaza nguvu ya pigo kwa meno mengi badala ya kuliacha jino moja libebe lote. Huzuia pia meno ya chini yasigongane na ya juu kwa nguvu mtu anapopigwa kidevuni, na huweka ukuta kati ya meno na midomo. Midomo mingi inayoshonwa baada ya mechi haikatwi na mpinzani. Inakatwa na meno ya mwenyewe.

Mabondia ndio walioanza. Mwaka 1927 huko Marekani, bondia Mike McTigue alikuwa akifanya vizuri dhidi ya Jack Sharkey, lakini jino lake lililovunjika likamchana mdomo vibaya hata pambano likamponyoka. Baada ya hapo ndondi ikaacha kuona kinga kama ujanja wa waoga. Siku hizi hakuna anayepanda ulingoni bila hiyo. Taekwondo na karate za mashindano pia zinaidai.

Michezo mingine imechelewa. Angalia kandanda. Sheria ya nne ya mchezo inamlazimisha kila mchezaji avae kinga ya ugoko, na refa anaweza kumtoa nje asiye nayo. Ugoko ukichubuka unapona. Jino halioti tena, na bado hakuna anayekagua midomo. Sisi tunaliona jambo hili kuwa la ajabu, ingawa tunakubali kwamba miguu ndiyo hugongana mara nyingi zaidi.

Nchi iliyopima

Anayetaka ushahidi kwamba kinga inafanya kazi anaweza kutazama New Zealand, taifa linaloishi kwa raga. Kule kuna mfuko wa umma unaowalipia watu matibabu ya ajali, na kwa sababu hiyo kila jino linalovunjika uwanjani huacha karatasi. Chama chao cha raga kilifanya kinga kuwa ya lazima mwishoni mwa miaka ya 1990. Watafiti walipolinganisha madai ya matibabu ya meno yaliyotokana na raga, waliona yamepungua kwa asilimia 43 kati ya mwaka 1995 na 2003. Wachezaji hawakuwa wamekuwa wapole ghafla. Walikuwa wamevaa.

Kwa upande wa vyuo, Marekani ndiyo yenye kumbukumbu nyingi. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule kinalazimisha kinga katika mpira wa miguu wa Kimarekani, hoki ya nyasi na lakrosi. Mpira wa vikapu hauko kwenye orodha hiyo, hata ingawa viwiko chini ya kikapu tunavijua sote. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2002 ulifuata timu 50 za vikapu za wanaume wa vyuo kwa msimu mmoja. Waliovaa kinga waliumia meno mara chache zaidi kuliko wasiovaa. Lakini kwa mtikisiko wa ubongo, hakukuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili.

Hilo la mwisho tunataka lisikike vizuri, kwa sababu wauzaji wengine huahidi makubwa. Kinga ya meno ni ya meno. Mchezaji aliyevaa kinga akapigwa kichwa na kuona giza, anatoka uwanjani sawa na asiyevaa. Huenda umesikia kuhusu kinga zenye vifaa vya elektroniki ambazo World Rugby ilianza kuzitumia katika mashindano ya juu kuanzia mwaka 2024. Hizo hupima ukubwa wa pigo la kichwa na kutuma taarifa kwa daktari wa timu ili mchezaji apimwe. Zinapima, hazizuii.

Zipo za aina tatu

Ya kwanza ni ile ya kununua na kuvaa ilivyo. Ni rahisi kuliko zote na kwa maoni yetu ni pesa iliyopotea. Hailingani na mdomo wa mtu yeyote, kwa hiyo mchezaji lazima aibane kwa meno muda wote, hawezi kuzungumza, na dakika ya kumi imeshaingia kwenye soksi.

Ya pili ni ya kuchemsha na kuuma. Inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya michezo mijini kwa mamia ya shilingi za Kenya, na kwa mwanafunzi wengi wetu tunayeweza kumsaidia, hii ndiyo ya kufikiria. Tofauti yake inatokana na jinsi inavyopimwa siku ya kwanza, na vijana wengi huipima kwa haraka kisha wanalalamika kwamba haishiki.

Soma karatasi iliyo ndani ya pakiti kwanza, maana muda hutofautiana kwa kila kampuni. Kwa jumla inakuwa hivi. Maji yakishachemka, yaondoe motoni. Tumbukiza kinga kwa muda uliotajwa, mara nyingi ni sekunde chini ya sitini, ilainike bila kujikunja. Itoe kwa kijiko, ipitishe kwenye maji baridi kwa nukta moja ili isikuunguze. Ukiwa mbele ya kioo, iweke kwenye meno ya juu, ibane kwa kuuma kiasi, si kwa nguvu zote hadi plastiki iwe karatasi. Nyonya mate na hewa kwa ndani, sukuma ulimi juu, na kwa vidole bonyeza midomo na mashavu kutoka nje ili plastiki ichukue umbo la kila jino. Kaa hivyo nusu dakika hivi, kisha itie kwenye maji baridi igande. Kama nyuma ni ndefu hata inakuletea kichefuchefu, punguza kidogo kwa mkasi.

Kuijaribu ni rahisi. Vaa, fungua mdomo. Ikianguka, rudia kuchemsha. Inatakiwa ikae yenyewe, na uweze kuvuta hewa kwa mdomo, kunywa maji na kumwita mwenzako akuletee pasi.

Ya tatu hutengenezwa na daktari wa meno kwa kuchukua alama ya mdomo wako. Hiyo ndiyo inayokaa vizuri kuliko zote na ndiyo inayolinda vizuri kuliko zote, lakini bei yake ni ya maelfu. Anayevaa vyuma vya kunyoosha meno hana budi kupata ushauri wa daktari wake kabla ya kuvaa kinga yoyote, maana ile ya kuchemsha inaweza kunasa kwenye vyuma na kuvuruga kazi iliyolipiwa ghali.

Mbona hawavai?

Ukiwauliza vijana wa vyuo watakupa sababu tatu au nne, na zote zina ukweli ndani yake. Wanasema hawawezi kupumua. Kwa kinga mbovu ni kweli, na hata ile nzuri huhitaji wiki moja au mbili za mazoezi hadi mdomo uizoee. Ndiyo maana haifai kuvaliwa mara ya kwanza siku ya fainali. Wanasema hawawezi kuzungumza, na nahodha anahitaji kuzungumza. Wanasema kocha hajadai. Hiyo ndiyo nzito, kwa sababu mchezaji wa miaka ishirini hataki kuwa pekee yake mwenye plastiki mdomoni huku wenzake wakimcheka. Pale ambapo kocha anasema "hakuna kinga, hakuna mazoezi", mjadala huisha kwa wiki moja. Na kumbuka mazoezi. Vijana wanaovaa kwa mechi tu huacha midomo wazi siku nne za wiki, wakikabana na watu walewale wenye viwiko vilevile.

Sababu ya nne hawaisemi kwa sauti. Ni pesa. Kijana anayejinyima chakula cha jioni hatanunua kinga, na hatathubutu kuwaomba nyumbani.

Basi tuweke gharama mbili kando kwa kando. Jino la mbele likipotea, la bandia la kuvaa na kuvua ndilo la bei nafuu, na hilo halifai kuvaliwa uwanjani kabisa kwa sababu linaweza kumezwa au kuziba koo. Daraja la kudumu hukwaruza meno mazima ya jirani. Jino la kupandikizwa kwenye mfupa kwa skrubu ni la gharama ambayo familia nyingi zingelazimika kuuza ng'ombe, tena kwa kijana anayekua daktari humwambia asubiri kwanza. Hayo yote kando ya safari, siku za darasa zilizopotea, na kijana anayefunika mdomo kwa mkono akicheka. Zamani miongoni mwa Waluo, pengo la meno ya chini lilikuwa alama ya kuwa mtu wa jamii, na lilitolewa kwa desturi yenye heshima yake. Pengo la kijana wa leo anayekwenda kuomba kazi halina desturi ya kulitetea.

Kuitunza

Ioshe kwa maji baridi na mswaki kila baada ya kuvaa. Maji ya moto huiharibu umbo, na jua kali pia, kwa hiyo usiiache juu ya paa la basi la timu wala karibu na jiko. Iweke kwenye kikasha chenye matundu ipate hewa, maana ndani ya mfuko wa nailoni itanuka na kuota vijidudu. Ikichanika, ikitafunwa hadi kuwa nyembamba, au ikianza kulegea, imemaliza kazi. Wengi hubadilisha kila msimu.

Timu ya chuo isiyoweza kumnunulia kila mtu inaweza angalau kuwa na kikombe kisafi chenye kifuniko na pakiti ndogo ya maziwa kwenye sanduku la huduma ya kwanza, pamoja na namba ya simu ya kliniki ya meno iliyo karibu na inayofunguliwa Jumamosi. Uliza namba hiyo kabla ya mechi. Hospitali nyingi za kaunti ndogo zina afisa wa meno, lakini si zote zina mtu wa zamu wikendi, na bodaboda anayezunguka na majeruhi kutafuta mlango uliofunguliwa anazimaliza zile dakika.

Yule mama alitupigia tena. Jino lililovunjika nusu limejazwa na linaonekana zuri. Lile la shashi halikurudi, na kijana anangoja la bandia. Amenunua kinga ya kuchemsha, na amerudi mazoezini. Mama alitaka kujua jambo moja zaidi: mdogo wake anacheza hoki shuleni, je, wanaweza kuitumia hiyo moja kwa zamu, mmoja akiwa likizoni? Hapana, mama. Imeshachukua umbo la mdomo wa kaka mtu, na ya mdomo haiazimwi, kama mswaki. Mdogo anunuliwe yake, na kwa vile bado anakua, ipimwe upya kila muhula.